Mkungu wa Kaburini

Kisiwani kwetu hakuna aliyevuka maji kuja msibani bila mche wa mgomba. Ungeweza kuja bila sukari, bila majani ya chai, hata bila machozi kama wewe na marehemu hamkuwa mnapatana, na watu wangekusema kidogo kisha wakakusamehe. Lakini mche ulikuwa lazima. Uliung'oa kwenye kibanja chako mwenyewe, shamba lako la migomba, na udongo wake, ukaubeba kichwani hadi mwaloni, ukapanda nao mtumbwi. Wafiwa walichagua mmoja kati ya yote iliyoletwa, wakaupanda upande wa kichwa cha kaburi. Iliyobaki ilipandwa huku na huku kibanjani, popote palipokuwa na nafasi.

Hatukuwa na misalaba ya saruji. Alama ya kaburi ilikuwa mgomba huo, na kila mtu wa kisiwani alijua upi ni wa nani. Siku ulipozaa mkungu wake wa kwanza ukakomaa, ulikatwa, ukapikwa kwenye chungu kimoja, na kila nyumba ikala. Hapo ndipo msiba ulipokwisha. Kabla ya hapo mama wa marehemu hakunyoa nywele wala hakukaa kwenye harusi ya mtu. Misa alikwenda, lakini alikaa nyuma na hakuimba. Mapadri walilijua jambo hilo, nao walikuwa na busara ya kutouliza.

Nayasema haya mapema kwa sababu nimechoka kusikia watu wa mjini wakisimulia habari za kisiwa chetu kwa sentensi moja tu, kwamba wataalamu walikuja wakatuelimisha. Wengine, wanaotupenda kupita kiasi, husema kwamba sisi tulijua kila kitu na wataalamu ndio waliokuwa wajinga. Hawa wote hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, nikiwa mkalimani, na ninachokumbuka ni watu waliokuwa wakipapasa gizani, wao na sisi.

Kisiwa chenyewe ni kilima kidogo kilichozungukwa na maji na mafunjo, katika mojawapo ya maziwa yaliyotapakaa kwenye bonde la mto Kagera. Ng'ambo yake, ukishavuka na kupanda vilima, unaelekea Kihanga. Tulikuwa nyumba chache, Wanyambo pamoja na familia zilizotoka Rwanda zamani, na tulikuwa tumeoana kiasi kwamba ugomvi wowote ulikuwa wa ndugu. Tulikula ndizi na maharage, tukavua kambare, tukauza kahawa kidogo. Vita vya mwaka 1978 vilipoanza nilikuwa shule ya msingi, na ndugu wa ng'ambo wakaja kujificha kwetu, kila mmoja na kuku wake. Walipoondoka tulibaki tukiamini kwamba maji yanatulinda.

Miaka michache baadaye yakaja yale maradhi, nayo hayakuzuiwa na maji. Tuliyaita kwa majina ya mafumbo. Vijana waliokwenda kutafuta kazi walirudishwa kwa mtumbwi, wengine wakiwa bado wanapumua, wengine wakiwa ndani ya jeneza. Kila msiba ulivusha watu, na kila mtu alivuka na mche wake, kutoka Kihanga, kutoka Rugera, kutoka Ihembe. Vibanja vikajaa migomba ya kila aina. Ni aibu kusema, lakini tulijivunia. Tulikuwa tunazika kila mara, na mashamba yetu yalikuwa hayajawahi kuwa ya kijani namna ile.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mpakizi wa mizigo kwenye malori, mpakani Murongo. Baba alikuwa amefariki sisi tukiwa wadogo, hivyo kaka ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyeezeka nyumba, na ndiye aliyekuwa akimchekesha mama hadi anaacha kupika. Alirudi nyumbani amekonda, akalala kwenye kitanda alichozaliwa juu yake, na mama akamlisha uji kwa kijiko mpaka hakuweza tena kumeza. Alikuwa hajafika miaka thelathini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na mimi niliyekuwa dada tu nilijiona nimepasuka katikati. Sijui mama alikuwa amepasuka kiasi gani.

Baba mkwe wa kaka alivuka kutoka Ihembe akiwa na mche mkubwa kuliko yote iliyoletwa siku ile. Alikuwa mtu mzima, na angeweza kumpa kijana ambebee, lakini aliubeba mwenyewe. Mama aliuchagua huo. Wifi yangu alikaa nasi kwa muda, kisha akarudi kwao akiwa naye ameanza kukohoa. Mama akabaki na mgomba. Ulikua haraka. Alikuwa akiumwagia majivu ya jikoni na maganda, akiutandazia nyasi, na kila alipopita hapo alisema neno moja au mawili ambayo hakutaka niyasikie.

Ndipo migomba ilipoanza kuanguka. Mgomba mzima, wenye mkungu, ulilala chini bila upepo wa maana. Ukitazama kwenye tunguu, lile shina la chini ya udongo, ulikuta limetobolewa matundu matundu na kuoza. Kwanza tulifikiri ni fuko. Kisha tukafikiri ni jirani. Watu wawili waliacha kusalimiana kwa sababu hiyo, na mwenyekiti wa kitongoji, mtu aliyependa amani hasa amani ya tumbo lake, akavuka kwenda kuomba msaada.

Aliyeletwa alikuwa mwanamke. Alitoka kwenye kituo cha utafiti, akiwa na sanduku la chupa na viatu vya mpira, na dereva wake aliyeogopa maji akabaki ng'ambo kulinda gari ambalo hakuna aliyelitaka. Mtafiti mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Kilimanjaro, amekulia kwenye migomba. Hakujua Kinyambo, na mama zetu wengi Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu, basi nikaitwa mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hatukuyatangaza. Watu walimpa jina siku hiyo hiyo, Mama Fukuzi, kwa ajili ya fukuzi, mdudu mweusi mwenye pua ndefu ambaye alituonyesha ndani ya chupa.

Siku ya pili alifika kwetu. "Shikamoo mama," akamwamkia mama mlangoni. "Marahaba mwanangu. Karibu, waitu," mama akajibu kwa heshima ya Kinyambo, akaingia jikoni kumtafutia kiti. Mtafiti akatazama kibanja. Akaona mgomba mmoja ulioinama kidogo, majani yake yana manjano, mkungu ndiyo kwanza umechungulia. Kabla sijageuka alikuwa amepiga magoti, ameshika panga, na amekata ubavu wa tunguu ili aone ndani.

Mama alipiga yowe. Lilikuwa yowe la msiba, na wanawake wakatoka mbio katika vibanja vya jirani wakidhani kuna aliyekata roho. Walimkuta mgeni amesimama na panga mkononi. Nikamwambia kwa Kiswahili, bila kulainisha neno, "Hapo ulipokata ni kichwani kwa kaka yangu."

Alilitupa panga. Alikaa palepale kwenye nyasi, akashika uso. "Hata kwetu tunazika migombani," akasema. "Ilinipasa kuuliza. Nilijua, na sikuuliza." Nilimtafsiria mama. Mama alichota udongo wenye maji akaupaka kwenye kidonda cha mgomba, taratibu, mpaka kikafunikwa. Lakini wote tulikuwa tumeshaona. Ndani mlikuwa na njia nyingi zilizochimbwa, na kwenye njia hizo funza weupe, watoto wa yule mdudu, walikuwa wakijipindapinda kwenye mwanga.

Nilidhani ataondoka. Alirudi kesho yake bila panga, akakaa nje ya mlango wetu na kuomba radhi tena mbele ya baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu. Kisha akaniomba nimpitishe katika vibanja vyote, na kila mahali nimwombee kwa mwenye nyumba ruhusa ya kugusa. Tulitembea hivyo siku nyingi. Kwenye kila mgomba ulioumwa aliuliza umetoka wapi, na wanawake walijibu bila kufikiri. Huu ni wa msiba wa mume wangu, ulitoka Rugera. Huu ni wa mtoto wa dada, ulitoka Kihanga. Huu uliletwa na watu wa Ihembe.

Nilielewa kabla hajaniambia. Yule mdudu karibu hatumii mabawa yake, na maji ya ziwa hawezi kuyavuka. Hutembea taratibu ardhini, na kama anataka kwenda mbali lazima abebwe. Alikuwa amebebwa kichwani, pamoja na udongo wake, na watu waliokuja kutulilia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchukia mtafiti kwa siku kadhaa kwa kuwa amelijua jambo hilo, nikajichukia mimi kwa kuwa ningelazimika kulisema kwa lugha ya nyumbani.

Mkutano ulifanyika kwenye kigango, kanisa letu dogo la matope, kwa kuwa hapakuwa na jengo lingine la kututosha. Nilitafsiri nikitazama sakafu. Mtafiti alieleza jinsi mdudu anavyosafiri. Kisha baba mdogo akasimama. "Basi watu wa Ihembe wametuua mara mbili," akasema, na kila mtu akaelewa kwamba mara ya kwanza alimsema wifi yangu.

Mama hakuwa amesema neno mkutanoni tangu amzike mwanawe. Alisimama akiwa na kanga yake ya msiba. "Walituletea walichokuwa nacho," akasema. "Kama hapa yupo aliyewahi kwenda msibani na kitu asichokuwa nacho, asimame nimwone." Hakusimama mtu. Baba mdogo alikaa, na siku nyingine akaniambia kwamba alijuta kusema vile kabla hajamaliza kusema.

Mjadala wa miche ulichukua wiki kadhaa. Mtafiti alijua namna ya kuusafisha mche. Unalichonga tunguu lake mpaka libaki jeupe bila mzizi hata mmoja, kisha unauloweka kwenye maji ya moto kwa muda, yasiwe ya kuchemka. Wazee walikataa katakata. Mche uliochongwa ni mche ulio uchi, walisema, na nani ataleta kitu uchi kaburini? Mtafiti naye alikataa kuwaita washirikina, ingawa mwenyekiti alimshauri afanye hivyo. Aliwauliza wanawake kitu kilicho uchi huwa wanakifanyaje. Wakacheka, mara ya kwanza mbele yake. Tunakivika, wakasema. Tangu hapo mche wa msiba huchongwa mwaloni, huchovywa kwenye sufuria kubwa la maji ya moto, kisha huvikwa magome makavu ya mgomba na kufungwa kwa kamba kabla haujapandishwa mtumbwi. Kazi ya kuuvika hufanywa na wanawake wa ng'ambo na wa kisiwani kwa pamoja. Hadi leo ndivyo ilivyo, na watoto wetu wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu dunia iumbwe.

Lakini hilo lilikuwa la miche ijayo. Kulikuwa bado na migomba iliyopo. Mtafiti alisema kisiwa chetu kina bahati ambayo vijiji vya bara havina, kwa sababu kikishasafishwa, maji yatakilinda. Mashina yote yang'olewe msimu mmoja, yakatwekatwe na kukaushwa juani, ardhi ilimwe maharage na viazi, kisha tupande upya miche safi. Aliongeza kwamba shina moja likibaki, kazi ya wote inaweza kuwa bure. Nilipotafsiri sentensi hiyo ya mwisho, vichwa vyote viligeuka kumtazama mama.

"Ng'oeni yangu yote," mama akasema. "La mwanangu liacheni mpaka mkungu ukomae. Tukishaula nitaling'oa mwenyewe."

Palikuwa na kelele. Mtu mmoja alisema wazi kwamba walio hai hawawezi kufa njaa kwa ajili ya maiti mmoja, na sikumlaumu, alikuwa na watoto wengi. Mimi mwenyewe moyo wangu ulikuwa pande mbili. Nilitaka kisiwa kipone, na nilitaka mama ainue uso. Mkungu ulikuwa umechungulia juzi tu, na ungehitaji kama miezi minne. Mtafiti akamwuliza mama, "Unaweza kukaa naye?" Akaeleza kwamba ukipasua kipande cha mgomba na kukilaza kifudifudi kando ya shina, fukuzi hukusanyika chini yake usiku, na asubuhi unaweza kuwaokota kwa mkono. Ifanyike kila siku, bila kukosa. Hakuahidi kwamba itatosha.

"Kukaa naye?" mama akasema. "Nina kazi gani nyingine?"

Wiki zilizofuata kisiwa kiling'olewa. Sijawahi kuona kazi ya huzuni namna ile ikifanywa kwa bidii namna ile. Kila familia iliomba ruhusa kwa makaburi yake kabla ya kuchimba, na padri alikuja kubariki, akashika jembe. Walipomaliza, ukisimama mlangoni kwetu uliona maji ya ziwa pande zote, maji ambayo tulikuwa hatujawahi kuyaona kutoka pale. Nyumba zilionekana ndogo na chakavu. Kilibaki kichaka kimoja cha kijani, kichwani kwa kaka yangu, kimeegemezwa kwa miti miwili.

Mama aliamka kabla ya jua kila siku. Aligeuza vile vipande kimoja kimoja, akaokota wadudu na kuwatia kwenye kopo la maji ya moto, kisha akapasua vipande vipya. Mwanzoni majirani walipita wakitazama pembeni. Tulikuwa tunakula viazi na kambare, na kila mtu alikuwa na hamu ya ndizi kiasi cha kuota. Lakini yule mwenye watoto wengi, siku mama alipokuwa na homa, alikuja mwenyewe kuokota. Baadaye kila nyumba ilikuwa na zamu yake, ingawa hakuna aliyeipanga. Mtafiti alipokuwa kisiwani alikaa na mama pale kaburini. Mama alimwonyesha jinsi ya kutandaza nyasi kwa mtindo wa kwetu, na mtafiti alimwonyesha mayai ya fukuzi, madogo mno. Hawakunihitaji. Ilinichoma kidogo, nikiri, kwamba mgeni alikuwa amepata nafasi ambayo mimi nilikuwa nimeshindwa kuipata tangu mazishi.

Vidole vya mkungu vilianza kujaa. Mama alivigusa kila siku kwa ncha za vidole vyake. Nikaanza kuamini.

Upepo ulikuja mchana mmoja, ukitangulia mvua, wakati tulipokuwa tunaanua maharage. Haukuwa upepo mkubwa. Miti ile miwili ilishikilia, lakini tunguu lilikuwa limekwisha kuliwa ndani kabla mama hajaanza kulilinda, na lilikatika. Tulisikia mlio mmoja tu. Tulipofika mgomba ulikuwa umelala juu ya kaburi, na mkungu ulikuwa chini yake, mbichi kabisa, vidole vyembamba vyenye kona kali.

Nilijiandaa kwa yowe. Mama hakupiga. Alikaa karibu na mgomba na kuuwekea mkono, kama alivyokuwa akimwekea kaka mkono kifuani siku za mwisho. Watu walikuja wakasimama mbali. Mtafiti alikuwapo kisiwani siku hiyo, naye akaja, akasimama nao. Mvua ilipita bila kunyesha sana.

Kisha mama akainuka. Aliukata mkungu, akauweka kando kwenye jani. Akachukua jembe, na kabla mtu hajamwomba wala kumkumbusha, akaling'oa lile shina. Wanaume walitaka kumsaidia, akawakataza kwa mkono. Lilipotoka lote, na machipukizi yake yote, aliwakabidhi walikatekate, akaenda jikoni. Alimenya zile ndizi mwenyewe, utomvu ukimchafua mpaka viwikoni. Akaziinjika kwenye chungu kikubwa, akanituma nikaite kila nyumba.

Walikuja wote. Walikaa uani bila kujua watazame wapi, kwa kuwa jambo lile lilikuwa halijawahi kutokea. Baba mdogo alisimama, na alisema kwa upole, mtu asimfikirie vibaya. "Shemeji, huu hauhesabiki," akasema. "Mkungu haujakomaa. Tangu mababu, msiba haumalizwi na ndizi changa. Tuvumilie, tutampandia mche safi, tutangoja tena."

Mama alikuwa ameshaepua chungu hapo uani, anakoroga. Hakugeuka.

"Na mwanangu," akauliza, "alingojwa akomae?"

Baba mdogo akakaa chini, akavuta chungu karibu, akanyoosha mkono akawa wa kwanza kula, na baada yake tukala sote, wazee, watoto, mtafiti, yule mwenye watoto wengi. Zilikuwa kali, zinakamata ulimi, zinanata kwenye meno. Hakuna aliyetema.